Kugundua, kuvumbua au kuunda dawa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafundisha kemia kidato cha nne hapa Moshi. Mwanafunzi wangu kaandika: "Kazi ya mkemia wa dawa ni kugundua dawa mpya za saratani." Mwenzangu wa Kiswahili anataka iwe "kuvumbua". Yupi yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hajakosea sana, ila mimi hapo nisingeweka hata kimoja.

Kugundua kuna kushtukia ndani yake. Mama husema "nimemgundua anadokoa nyama". Hakuingia jikoni kwa ajili hiyo. Kitenzi hicho kinaifaa sana dawa iitwayo vinblastini. Inatoka kwenye ua dogo lenye asili ya Madagaska, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo hata Moshi watu hulipanda bustanini. Robert Noble na Charles Beer, huko Kanada, walichunguza majani yake kwa kuwa Jamaika yalitumika kama dawa ya kisukari. Sukari ya wanyama wa maabara haikushuka. Zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu. Mwaka 1958 wakatangaza dawa waliyoipata, na ikaja kutumika kutibu saratani. Hao waligundua.

Kuvumbua ni kukiibua kilichofichika, mara nyingi baada ya kukisaka. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani iliyopatikana Marekani kwenye gamba la mti, katika mpango wa kupima mimea kwa maelfu, naiweka hapa.

Sasa tazama imatinibu, dawa ya aina moja ya saratani ya damu. Adui alishajulikana: vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi, ikazaliwa protini inayoziamrisha seli zigawanyike bila kukoma. Wakemia wakachukua molekuli iliyokuwa na nguvu kidogo tu, wakaanza kuirekebisha. Wakapachika kikundi kidogo cha atomi kiitwacho methili, ikaacha kuigusa protini nyingine isiyohusika. Wakaongeza pete ya atomi iitwayo piperazini, ikayeyuka vizuri zaidi majini na kufaa kumezwa kama kidonge. Marekani iliiidhinisha mwaka 2001. Fundi huunda jahazi, hagundui jahazi; na hawa waliunda. (Kubuni nako kunafaa, kwa hatua ya kuchora molekuli kabla haijatengenezwa.)

Magazeti huvichanganya vitenzi hivi kila wiki, na kwenye kichwa cha habari sigombani nao. Kwenye insha ya kemia nagomba. Tena hakuna anayeajiriwa kugundua: mtu huajiriwa kutafuta, na akigundua ni bahati yake na ya mwajiri. Ndiyo maana hata "ugunduzi wa dawa" kama jina la fani hunikwaza. "Utafiti wa dawa mpya" yatosha.

Kwa hiyo sentensi ya kijana iwe: "Kazi ya mkemia wa dawa ni kutafuta na kuunda dawa mpya za saratani." Alama ya kemia usimkate, maana swali ulilompa yeye halikuwa la Kiswahili.