Mpangilio wa parameta kwenye linki: usiuachie HashMap

Parameta ni jozi za jina na thamani zinazofuata alama ya kuuliza kwenye linki. Kwa programu nyingi, `?ukurasa=2&panga=jina` na `?panga=jina&ukurasa=2` ni kitu kimoja. Kwa kashe (hifadhi ya muda ya kurasa) ni linki mbili, kwa sababu kwa kawaida inalinganisha anwani herufi kwa herufi. Ukurasa uleule unahifadhiwa mara mbili na seva inapigishwa kazi ya bure. Majaribio ya programu yanayolinganisha `href` (anwani ya linki) nzima nayo yanafeli, leo yamepita, kesho yamekwama.

Kwenye JSP (kurasa za Java zinazojengwa na seva kwa tagi), `<c:url>` inafuata `<c:param>` zako kama ulivyozipanga, juu kwenda chini. Angalia tu hili:

`<c:url value="/orodha?ukurasa=1"><c:param name="ukurasa" value="2"/></c:url>`

Maktaba ya Apache inayoendesha tagi hizi haiongezi parameta mpya mwishoni. Inaichomeka mara baada ya alama ya kuuliza, unapata `/orodha?ukurasa=2&ukurasa=1`. Kwenye Java, `getParameter` huchukua thamani ya kwanza, yaani 2. Linki hiyohiyo ikipokelewa na PHP, `$_GET` itabaki na ya mwisho, yaani 1. Kwa hiyo parameta ikae ndani ya `value` au kwenye `<c:param>`, isikae kote kuwili.

Usumbufu mkubwa uko kwenye tagi zinazopokea Map, yaani mkusanyiko wa Java wa jozi za jina na thamani. HashMap, aina moja ya Map, haijawahi kuahidi mpangilio wowote, na Java 8 ilipobadilisha hesabu zake za ndani, linki zilijipanga upya bila mtu kugusa kodi. Ukiwa bado unatunza mfumo wa Struts 1, fremu ya zamani ya Java (wapo wengi, poleni), kuipa `<html:link>` LinkedHashMap hakusaidii: tagi inainakili kwenye HashMap yake kwanza. Hapo jenga linki kwa `<c:url>`.

Tagi unayoiandika mwenyewe itumie TreeMap, Map inayojipanga kwa majina. LinkedHashMap inatunza mpangilio wa kuingiza, lakini kurasa mbili zikiingiza kwa mpangilio tofauti, kashe inagawanyika tena. Kwenye kivinjari kuna `URLSearchParams.sort()`; inapanga kwa majina tu, hivyo `rangi=nyekundu&rangi=bluu` zinabaki zilivyofuatana. Nawe usipange thamani za jina linalojirudia, huenda programu inautegemea mfuatano huo.

Linki zenye saini (msimbo unaothibitisha kwamba linki haijabadilishwa) hazina mjadala. Saini ya AWS (huduma za wingu za Amazon) toleo la 4 inadai parameta zipangwe kwa majina, na upangaji ufanyike baada ya kusimba herufi maalumu kwa `%`. Ukigeuza hatua hizo, saini itakubaliwa siku nyingi, kisha inaweza kukataliwa siku jina la parameta litakapokuwa na mabano.