Madirisha ya kibanda cha Mahler yameungua pichani, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Munich. Juzi nilikwenda Steinbach am Attersee, Austria, kupiga picha kile kibanda cha kando ya ziwa alichotungia muziki Gustav Mahler. Kuta zimetoka vizuri, ila madirisha yameungua kwa mwanga mwingi, meupe pe. Nikiwasha HDR ya simu (inayochanganya picha za mwanga tofauti), ziwa linaonekana lakini picha inakuwa kama katuni. Rafiki ameniuzia preseti (mipangilio ya rangi iliyokwisha kutengenezwa) ya "kurudisha mwanga" na wala haijarudisha kitu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza kamdai rafiki yako hela yako. Preseti inabadilisha rangi zilizomo kwenye picha, basi. Palipoungua hamna kitu, na kisima kikishakauka hata ukibadilisha ndoo huchoti maji. Kila wiki naletewa swali hili, na kila wiki kuna mtu keshauziwa dawa ya aina hii.

Ingekuwa chumba kingine nisingepiga kelele. Pale dirisha ndiyo picha yenyewe. Mahler alikuwa kiongozi wa okestra, muda wa kutunga aliupata likizo ya kiangazi tu. Kuanzia 1893 hadi 1896 alifikia kwenye nyumba ya wageni ya kijijini, akajengewa kibanda hicho ili akae mbali na kelele. Simfoni ya tatu ilitungwa humo. Mwanamuziki Bruno Walter alipomtembelea 1896, kijana wa miaka 19, akawa anaikodolea macho miamba ya milima ya Höllengebirge iliyo hapo jirani. Mahler akamwambia hana haja ya kutazama huko, yote ameshayatia kwenye muziki. Baadaye kibanda kikageuzwa machinjio, kikawa cha kufulia nguo, hadi kilipokarabatiwa 1985. Kwa hiyo ukuta ulioupiga vizuri umepitia mengi. Alichokitazama yeye kiko nje ya kioo, na ndicho ulichokiunguza.

Dawa yake ni saa. Mchana nje huzidi ndani kwa hatua 5 au 6 za mwanga (kila hatua ni mwanga mara mbili), na ziwa liko magharibi, kwa hiyo alasiri jua linakuingia usoni. Nenda siku ya mawingu, au ukiruhusiwa kuingia, subiri jua lizame. Kiangazi giza la huko huja taratibu, unapata zaidi ya nusu saa. Kwetu Lushoto ni dakika 20 na kidogo, ukifungua begi kwa kuzubaa imekwisha. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), faili la RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera). Piga tatu: ya kawaida, ya giza kwa hatua 2, ya mwanga kwa hatua 2. Nyumbani chukua dirisha tu kutoka ile ya giza, ulipachike kwa mkono. Programu ikichanganya picha nzima yenyewe, ndiyo hiyo katuni yako. Kioo kikirudisha sura yako, filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao) husaidia ukisimama upande. Ukikikabili uso kwa uso haifanyi kitu, kwa hiyo vaa nguo nyeusi.

Sasa kuna jambo baya zaidi ya kuunguza. Kuna mafundi wanaobandika mandhari ya kuokota kwenye dirisha, siku hizi hata kwa akili bandia, kisha wanaiita "usafi". Mwenye lodji mmoja kule milimani aliniletea kazi ya mtu wa namna hiyo niirekebishe. Vyumba vinne, machweo yaleyale kwenye madirisha yote, hadi kipande cha wingu kilekile chenye umbo la kiatu. Vyumba viwili vinatazama mashariki! Mgeni aliyelipia machweo atamkuta nani wa kumlalamikia, fundi au mwenye lodji? Na penye historia ya muziki ndipo wanapozidisha: gitaa la kukodi linaegemezwa ukutani, taarifa chini inasema "lilipigwa hapa". Mwanamuziki wa kweli akifika, anaona nyuzi mpya na anaondoka na jina lako.

Ukirudi Steinbach, nitumie lile faili la RAW kwa barua pepe. Lililopita WhatsApp silifungui.