Kwa Mwanaidi, kabla hujapanda meli ya Svalbard

Mwanangu Mwanaidi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Mama yako hajambo, anakuombea dua. Ujumbe wako nimeusoma: umepata kazi ya uafisa kwenye meli ya mizigo ya kutoka Tromsø, Norwei, kwenda visiwa vya Svalbard, kaskazini ya mbali, na unauliza, "Baba, dhoruba ya huko ina nini zaidi ya kusi letu?"

Ina barafu, mama. Sisemi ile inayoelea, ambayo kila mtu anaiogopa. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri. Hewa ikipoa kupita hapo na upepo ukashika kasi, kila wimbi linalopasukia omo, mbele ya meli, hurusha manyunyu, nayo yakigusa chuma yanaganda papo hapo. Reli, winchi, mlingoti, antena, vyote vinavaa barafu, tani juu ya tani. Mimi nimeigonga kwa nyundo ya mbao, safari ya Murmansk, Urusi. Mikono inakufa ganzi, na ukigeuka, pale ulipokwisha kusafisha pameshavaa tena.

Hesabu za uthabiti, za meli kusimama isipinduke, umezisoma kuliko mimi, serahangi mstaafu, msimamizi wa mabaharia tu. Wewe fikiria tu jahazi lililorundikwa boriti juu, na ngamani, chini kabisa, hamna farumi, ule uzito wa kuituliza. Meli inalala ubavu, inachelewa kuinuka. Mabaharia tunapenda meli inayoyumba taratibu, usingizi unakuja vizuri. Huko ikianza kuyumba taratibu kuliko ilivyokuwa asubuhi, usifurahi: barafu ya juu imeshaielemea. Toa saa, hesabu sekunde za kila myumbo, mwite nahodha.

Wavuvi wa Hull, Uingereza, waliyajua haya kwa msiba. Tarehe 26 Januari 1955 meli zao mbili, Lorella na Roderigo, zilielemewa na barafu kaskazini mwa Iceland zikapinduka, watu 40 wakafa. Zilikuwa zimekwenda kumsaidia mwenzao aliyekwama, na yule mwenzao akajinasua mwenyewe. Mwaka 1968, katika wiki chache tu, zikapotea tatu na roho 58. Ya mwisho, Ross Cleveland, ilikuwa imeshajificha ndani ya ghuba ya Ísafjarðardjúp, nayo bado ikapinduka. Aliyepona ni mmoja, Harry Eddom. Alikuwa nje anagonga barafu kwenye rada, kwa hiyo mavazi ya baridi yalikuwa mwilini. Wenzake wawili kwenye boya la kuokolea walikufa kwa baridi. Wake na mama wa Hull, wakiongozwa na Lillian Bilocca, waliandamana, kisha wawakilishi wao wakaenda London kwa mawaziri kudai, pamoja na mengine, kila meli iwe na mtu wa redio. Meli moja kati ya zile tatu iliondoka bila mtu huyo wa redio.

Jingine ni dhoruba ndogo za huko. Hewa ya baridi kali ikitoka juu ya barafu na kupita kwenye bahari yenye joto kidogo, dhoruba inazaliwa kwa saa chache tu. Upana wake ni kilomita mia kadhaa, na mara nyingi haimalizi siku mbili. Utabiri wa asubuhi unaweza kuikosa kabisa, kwa hiyo soma kila taarifa mpya inayoingia.

Ikikukuta, punguzeni mwendo na mgeuze meli ili manyunyu yapungue, hata kama ratiba itaharibika. Barafu ya juu igongwe kwanza, maana ndiyo inayopindua.

Siku hizi afadhali kuna sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2017, meli za maji ya ncha za dunia zina kanuni maalumu za IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari: lazima ziwe na kitabu cha mwongozo wa safari hizo na, panapotarajiwa barafu ya manyunyu, vifaa vya kuiondoa. Ukipanda, kabla hujauliza kabini yako, uliza nyundo zinakaa wapi, na lile vazi zima la kukinga baridi ya maji lijaribu mwilini siku hiyohiyo. Mara nyingi yameshonwa kwa wanaume warefu. Kama halikutoshi, dai lingine kabla meli haijang'oa nanga.

Baba yako