Jirani kilomita 210,000, shemeji kilomita 90,000: nani niamini kuhusu CVT?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Natafuta SUV ndogo iliyotumika, ya petroli, ya kubeba familia ya watu watano. Nimewauliza wenye magari ya aina hiyo na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilipoanza. Jirani yangu analo moja, limetembea kilomita 210,000 na anasema giaboksi haijawahi kuguswa. Shemeji yangu alikuwa na gari hilo hilo, la mwaka huo huo, giaboksi ikafa kwenye kilomita 90,000. Rafiki yangu naye anasema lake linateleza: akikanyaga mafuta injini inalia lakini gari haliondoki. Wote wanasema mchawi ni CVT. Nimwamini nani? Na nikipata lenye 4WD, je, ni bora zaidi?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Jina la gari nimeliondoa kwenye swali lako, maana hadithi hii hii naisikia kwa wenye magari ya karibu kila mtengenezaji anayetumia CVT. Jirani na shemeji wote wawili wamekwambia kweli. Ninayemtilia shaka ni huyo rafiki, basi nianze na yeye.

CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kwanza, pili, tatu. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda mmoja wa chuma. Kila puli ina nyuso mbili zilizochongoka zinazoweza kukaribiana au kuachana. Zikikaribiana, mkanda unapanda juu kuelekea ukingo. Zikiachana, unazama kuelekea katikati. Puli moja ikipanua njia ya mkanda, nyingine inaipunguza, na uwiano unabadilika polepole bila kuruka. Kwa hiyo ukikanyaga mafuta, kompyuta inapeleka injini mahali ilipo na nguvu, tuseme mizunguko 4,000 kwa dakika, inaiacha pale pale, halafu mwendo unapanda taratibu ukiifuata. Sikio lililozoea giaboksi ya kawaida linasema gari linateleza. Halitelezi. Ndivyo lilivyoumbwa, na ndiyo sababu watengenezaji kadhaa waliiwekea gia za kuigiza ili madereva waache kulalamika.

Mwambie rafiki yako aangalie mishale miwili ya dashibodi kwa pamoja. Mzunguko wa injini umetulia mahali pamoja na spidi inapanda: gari ni zima. Mzunguko umeruka ghafla, spidi haikusogea, kisha mzunguko ukashuka wenyewe kama mtu aliyeshtuka: hapo ndipo pana kuteleza, na asichelewe.

Sasa hao wawili. Mkanda wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ukiuelewa utaelewa vifo vyote. Usifikirie mkanda wa mpira ule wa alternata. Ni vipande vya chuma vyembamba, mara nyingi karibu 400, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine na kushikiliwa na pete nyembamba za chuma zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Na jambo linalowashangaza hata mafundi wenzangu: haufanyi kazi kwa kuvuta. Vile vipande vinasukumana, kimoja kinakisukuma cha mbele yake. Subaru wao wanatumia mnyororo badala ya mkanda huo, lakini kanuni ya puli ni ile ile. Chuma kinabana chuma, na kati yao pana utando wa oili mwembamba mno.

Kinachouzuia mkanda usiteleze ni presha ya oili inayozibana puli, presha inayozidi ile ya tairi lako zaidi ya mara kumi. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopoza, ndiyo inayolainisha beringi, na ndiyo inayopaswa kukipa chuma mshiko juu ya chuma. Kazi nne kwa oili moja. Ndiyo maana kila mtengenezaji ana yake: Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2, Toyota wana TC na FE. Oili ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida, hata iwe ghali namna gani, haikutengenezwa kwa mshiko huo.

Kifo huja hivi. Gari limebebeshwa mzigo, linapanda mlima mrefu polepole, au linavuta tela. Oili inachemka kupita kiasi, na ikichemka mara nyingi inachoka. Chembe ndogo za chuma, ambazo ni za kawaida kwenye giaboksi yoyote, zinabaki zikizunguka ndani yake na kukwama kwenye vali za kuongoza presha. Presha inayumba. Puli inalegeza mkanda kwa sehemu ndogo ya sekunde, mkanda unateleza kidogo, unaacha mkwaruzo kwenye uso wa puli. Dereva hajasikia kitu. Lakini mkwaruzo ukishaingia, unazaa chembe zaidi, chembe zinaziba vali zaidi, na mduara unaendelea hadi siku gari linaanza kutetemeka. Kuanzia hapo oili mpya haiponyi kitu. Ningependa watu wengi walielewe hili: oili inazuia mkwaruzo, haifuti mkwaruzo.

Kwa hiyo kumuuliza mtu kilomita zake peke yake hakukusaidii. Muulize jirani yako anapita barabara gani. Akikujibu kwamba kila siku anakwenda mwendo mrefu, tambarare, peke yake ndani ya gari, basi giaboksi yake imeishi maisha ya mstaafu. Shemeji muulize kama aliwahi kuvuta tela, kama rejeta iliwahi kuvuja, kama gari liliwahi kukwama kwenye matope akalazimisha. Hilo la matope wengi hawalijui. Tairi ikizunguka hewani kwa kasi kisha ikashika ardhi ghafla, pigo lote linarudi kwenye mkanda. Vile vile kutoka rivasi kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma. Kwenye giaboksi ya zamani ulikuwa unasikia kishindo na maisha yanaendelea.

Na muulize nani alibadilisha oili, na oili gani. Niliwahi kuletewa SUV ndogo ambayo mwenyewe aliapa ilifanyiwa sevisi kamili mwezi mmoja kabla, na risiti alikuwa nayo. Tulipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, harufu ilitupokea kabla ya oili, ya kuungua, kama klachi iliyoshinda mlimani. Nikaisoma risiti vizuri: imeandikwa oili ya otomatiki, lita nne, basi. Aliyeifanya kazi hiyo hakuwa mwizi. Hakujua tu. Chini ya sampu kuna sumaku ndogo za kukamata chembe. Kwenye giaboksi nzima, sumaku hujaa tope laini la kijivu, ukilisugua kati ya vidole ni kama dawa ya meno. Zile zilikuwa zimeota vijisindano. Nilizifuta kwa kitambaa, nikamwonyesha mwenye gari, hakuhitaji maelezo mengine.

Utashangaa nikikwambia kwamba la jirani yako nisingelinunua. Kusema giaboksi haijaguswa kwa kilomita 210,000 si sifa, ni deni. Watengenezaji wengine waliandika kwamba oili ya CVT ni ya maisha yote, na hawakusema maisha ya nani. Mimi nabadilisha kila kilomita 50,000 hadi 60,000, mapema zaidi kwa gari la milima au la mizigo. Nikipewa la kilomita 140,000 lenye risiti mbili za oili sahihi na la kilomita 80,000 lisilo na karatasi, nachukua la 140,000 bila kuumiza kichwa. Na usidanganywe kwamba ukifungua nati ya chini oili yote imetoka. Sehemu kubwa hubaki ndani, kwenye kigeuza nguvu (torque converter) na kwenye mabomba ya kipoza. Tena kipimo chake si cha kukisia. Giaboksi nyingi za siku hizi hazina kijiti cha kupimia. Oili inapimwa kwa joto maalumu, mara nyingi kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwaka na gari likiwa sawasawa, hadi ichuruzike kwenye tundu lake. Fundi asiyeshika mashine ya kusoma joto hilo anabahatisha.

Kuna jambo lingine linalowagombanisha wenye magari bure: jina moja, giaboksi tofauti. Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu yenye injini ya lita 2.4 iliuzwa Marekani ikiwa na otomatiki ya gia nne, na ile iliyouzwa Japani ikawa na CVT. Nissan X-Trail ya T30, yaani kizazi cha kwanza, ilikuwa otomatiki ya kawaida. T31, kizazi cha pili, ya petroli ikaja na CVT, wakati ya dizeli ilipewa otomatiki ya gia sita. Wawili wanabishana usiku kucha, mmoja anasifu, mwingine analaani, kumbe hawazungumzii kitu kimoja. Mazda CX-5 tangu ilipotoka mwaka 2012 inatumia otomatiki ya gia sita yenye hatua, kwa hiyo hoja yote hii ya mkanda haiihusu. Na RAV4 ya haibridi karatasi zake huandika eCVT, lakini ndani hamna mkanda hata mmoja, ni gia za sayari na mota mbili za umeme. Hiyo usiiweke kwenye kapu moja na nyingine. Kwake kagua betri, na uangalie kama chujio la feni yake karibu na kiti cha nyuma limezibwa na vumbi na manyoya ya mbwa.

Sisemi kwamba CVT zote ni sawa kwa uimara, la. Nissan wenyewe walirefusha waranti ya CVT huko Marekani kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, kutoka maili 60,000 hadi maili 120,000, na kampuni hairefushi waranti kwa ukarimu. Sogea mbele kwenye matoleo mapya kadiri mfuko unavyoruhusu.

Kuhusu 4WD, jibu fupi: kama huna njia ya matope au theluji, usiilipie. Kwenye SUV nyingi ndogo gari linaendeshwa na tairi za mbele, na za nyuma zinaitwa pale za mbele zinapoteleza, kupitia klachi ndogo iliyo karibu na difu ya nyuma. Inasaidia kutoka kwenye utelezi, haikufanyii gari la safari za porini. Ina gharama zake pia: oili ya difu, oili ya kigawa nguvu, na tairi nne zinazolingana. Hilo la mwisho ni la lazima. Ukiweka tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, mfumo unadhani kuna tairi inayoteleza muda wote, na ile klachi inafanya kazi bila kupumzika hadi iungue. Kabla ya kulipia beji ya 4WD, inama chini: shafti ya propela ipo inayokwenda nyuma, au haipo? Nimeona beji zilizobandikwa. Haibridi za Toyota ndizo za kuwa nazo makini hapa, maana tairi zao za nyuma zina mota yao na shafti haipo kihalali.

Ukishapata gari la kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Liwashe likiwa baridi, kanyaga breki, ingiza R, kisha D. Linatakiwa kukamata ndani ya sekunde moja hivi, bila kishindo. Endesha kwa mguu mwepesi kati ya kilomita 20 na 60 kwa saa, bila redio, bila kiyoyozi, na bila muuzaji kukupigia hadithi. Mtetemo unaofanana na kupita juu ya matuta madogo madogo ya barabarani, kwa mwendo huo, ni ishara ya mkanda. Usiuchanganye na injini inayokosa plagi moja. Hiyo inatetemeka hata ukiwa umesimama. Sikiliza mlio: unaopanda na mwendo wa gari, hata ukiachia mafuta, ni beringi, unaopanda na injini gari likiwa limesimama, tafuta kwingine.

Usirudi baada ya dakika kumi. CVT mgonjwa akiwa baridi ni mpole sana. Endesha nusu saa, tafuta mlima, panda na abiria watano kama hao wako. Giaboksi ikizidiwa na joto, kompyuta inapunguza nguvu ili kuilinda, na utahisi gari limeishiwa pumzi ingawa injini haina tatizo. Ukifika juu, simama, rudi nyuma dhidi ya mwinuko. Hapo presha ndogo haina pa kujificha.

Halafu chomeka mashine ya kusoma kompyuta, na isome kumbukumbu ya giaboksi, si ya injini peke yake. Kwenye Nissan, P17F0 na P17F1 ndizo namba za hitilafu za mtetemo wa CVT. Ukiziona, usijadiliane bei. Kumbukumbu isiyo na kitu kabisa nayo isikufurahishe haraka. Angalia kama ilifutwa asubuhi hiyo, kwa kutazama majaribio ya ndani ya mfumo: yote yakiwa hayajakamilika, mtu amepita kabla yako.

Mwisho omba sampu ifunguliwe, oili na gasketi mpya ulipe wewe. Wauzaji wengi watakataa, na wengine wana sababu za haki. Anayekubali, kaa hapo hapo chini na fundi, usingoje kuletewa taarifa. Ziombe zile sumaku mkononi, uzisugue mwenyewe.