Waridi kwa bustani ya mawe Dodoma

Dada, umeuliza waridi gani litastahimili bustani ya mawe hapo Dodoma, ambako mvua ikikatika Mei huioni tena hadi Novemba au Desemba. Yale ya shina refu ya kuuzia maua achana nayo, yanadeka. Tafuta Old Blush, waridi la kale la Kichina, haliogopi joto. Chimba shimo la futi mbili kati ya mawe, changanya udongo na samadi iliyooza, tandaza nyasi kavu juu. Mwaka wa kwanza mwagilia ndoo moja kwa wiki.

Ningekuwa mimi lakini, ningepanda adeniamu, waridi la jangwani. Si waridi halisi, ila huota lenyewe porini huku kwetu, shina limevimba kwa maji. Ukilipogoa vaa glavu: utomvu wake ni sumu, wawindaji waliupaka kwenye mishale.