Dada wa Igoma, toa kidole kwenye hicho kitufe

USIBONYEZE. Salamu zitafuata baadaye.

Umeandika kwamba printa yako ya katriji nne imekuletea ujumbe kuwa kuna toleo jipya la programu yake ya ndani, kwamba kijana wa mjini aliyekuuzia katriji za kujaza amekuambia ukubali hiyo apdeti kwanza "ili printa izitambue chipu", na kwamba sasa hivi unasubiri bando tu. Ukaongezea ujazo wa wino, wino mweusi wowote kama unafaa, karatasi za picha za pasipoti zinapatikana wapi kwa bei nzuri, na kama ni heri uuze printa ununue ya tenki, ile unayomimina wino wa chupa bila katriji. Dada, ningekuwa na namba yako ningekupigia usiku huu huu. Hilo bando angalilia tamthilia, lisikanyage kwenye hiyo printa.

Na huyo kijana simwelewi. Anakuuzia katriji za kujaza halafu anakushauri uapdeti? Ni kama mtu akuuzie mtumbwi pale Kirumba, halafu akuambie utoboe tundu chini ili maji yakiingia yapate pa kutokea.

Mimi nina steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, chumba kimoja, upande wa njia ya Malimbe. Wateja wangu ni wanachuo. Nilikuwa na printa ya mtindo huo huo wako, kampuni siitaji maana hela ya wakili sina. Seti ya katriji orijino niliinunua 180,000, na kwa mwendo wangu ilikuwa haifikishi wiki tatu. Nikahamia kwenye katriji za kujaza, zile za plastiki angavu unaona wino kwa nje, zina chipu zinazojirudisha zenyewe. Miezi saba, dada. Miezi saba nilichapa mpaka nikaanza kutembea kama mtu mwenye kiwanja Capri Point. Jumapili jioni nakaa na chupa nne na sindano nne, kila rangi na sindano yake, najaza, nafuta, naziba kizibo, narudisha. Printa ikisema wino umeisha, nazima, nawasha, inasoma imejaa.

Hakuna uchawi hapo. Ile chipu haioni wino. Ni kibao kidogo kuliko ukucha, kina vidoti vya rangi ya dhahabu, ndani kimetunza namba ya katriji, rangi yake, na hesabu ya wino ambayo printa yenyewe imejikadiria kwa kuhesabu matone. Ndiyo maana hata orijino inaweza kukuambia imeisha, ukiitikisa unasikia kitu bado kinacheza.

Sasa ikaja wiki ya kukabidhi ripoti za fildi, ile wiki ambayo mwenye steshenari analipa kodi ya miezi sita. Printa ikaanza kupoteza waifai. Inashika, inaachia. Nikampigia fundi (namwita fundi kwa sababu alikuwa na begi la bisibisi), akaniambia kwenye simu bila hata kuja: "Mzee, hiyo programu yake ni ya zamani. Iapdeti tu, itakuwa kama imetoka kwenye boksi leo." Kumbe kuwa kama imetoka kwenye boksi leo ndiyo msiba wenyewe.

Ilikuwa saa mbili kasoro usiku. Kwenye benchi wamekaa wanachuo watano, mmoja kavaa flashi shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikabonyeza "Sawa". Kimstari kikatembea taratibu kwenye kioo, kikafika mwisho, printa ikajizima. Ikawaka. Kichwa cha kuchapia kikaenda kushoto, kikarudi kulia, kikagonga tk, tk, halafu kioo kikaandika kwamba katriji nyeusi haitambuliki. Nikasema hii ni vumbi. Nikaitoa, nikapangusa vidoti kwa kifutio cha penseli, nikapuliza kama mtu anayepoza uji, nikairudisha. Safari hii ikaandika zote: nyeusi, bluu, nyekundu, njano. Nne kwa mpigo. Nikasema basi, angalau niskani vitambulisho vya watu nipate hela ya chai. Ikagoma kuskani! Dada, kuskani kunatumia wino gani?

Yule wa kamba ya kiatu akaniuliza, "Anko, kwa hiyo?"

Nikamwambia tusubiri ipoe. Ipoe nini, hata mimi sijui.

Wakahamia kwa jirani mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msibani kabla ya chakula. Jirani alichapa mpaka saa sita usiku. Nilikuwa nasikia kila karatasi inavyotoka.

Baadaye nikasoma sana, kama wote tunavyosoma baada ya kupigwa. Printa ina programu yake ya ndani, na hiyo ndiyo inayoihoji chipu. Chipu ya kuiga imefundishwa majibu ya maswali ya zamani. Apdeti ikija inabadilisha maswali, chipu inabaki kinywa wazi. Wala siyo hadithi ya Nyegezi peke yake: tarehe 13 Septemba 2016 printa nyingi za HP huko duniani zilianza kukataa katriji za watu wengine siku hiyo moja, kelele zikapigwa mpaka kampuni ikatoa toleo la kurudisha hali. Yangu haikuwa HP, lakini ngoma ni ileile. Na wale wanaopenda kusema "kisheria katriji ni mali yako", ni kweli, Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2017 kwenye kesi ya kampuni ya printa ya Lexmark ilisema kiwanda kikishauza katriji, hataza yake, yaani haki yake ya uvumbuzi, juu ya hiyo katriji imefika mwisho. Safi kabisa. Sasa chukua hukumu hiyo ukaisomee printa.

Mpaka hapo hasara ilikuwa ya siku moja. Ningenyamaza, ningekuwa sina cha kuandika hapa. Hasara kubwa niliitengeneza mwenyewe baada ya hapo.

Niliagiza chipu za toleo jipya kutoka Dar, 40,000 na nauli ya basi juu. Nikaambiwa siku tatu. Zikawa wiki tatu, maana muuzaji alikuwa na msiba, halafu mzigo ukashushwa Shinyanga, halafu simu ikawa haipokelewi. Na mimi kwa hasira siku ile ya kwanza nilizing'oa katriji zote nne nikazipanga dirishani, zinapigwa jua la mchana la Mwanza na vumbi la mawe. Kichwa cha printa nikakiacha kitupu, mlango wazi. Niliona kama naiadhibu.

Sikiliza vizuri hapa. Kwenye printa za aina yako kichwa cha kuchapia hakiko kwenye katriji, kiko kwenye printa yenyewe. Matundu yake ni madogo kuliko unywele. Katriji ikiwa ndani, hata kama imekataliwa, imeziba njia na wino unabaki na unyevu. Ukiitoa, njia iko wazi, hewa inaingia, wino ulio ndani unaganda kama uji ulioachwa kwenye sufuria. Katriji iliyokataliwa IACHE ILIPO. Funga mlango, acha kichwa kirudi kwenye maegesho yake, nenda kalale ukalie.

Chipu zikafika. Nikabandua za zamani kwa wembe, nikabandika mpya, na zikakubali! Nilipiga kelele mpaka mama wa chipsi wa nje akaingia. Nikachapa ukurasa wa kupima matundu. Nyeusi ikatoka kama kitana kilichong'oka meno. Bluu michirizi miwili. Nyekundu haikutoka kabisa, nafasi yake nyeupe tupu. Nikaamrisha usafishaji mara moja, mara mbili, mara ya tano. Kila usafishaji unakunywa wino na kuumwaga kwenye sponji la chini. Nilikuwa nanunua wino wa kunyweshea sponji.

Nikamwita nani? Ndiyo, yule yule. Mtu ukishaumwa na nyoka unatakiwa ukimbie, mimi nikamwita nyoka aje aangalie jeraha.

Akaja na sindano na kipande cha mpira wa dripu. Akaomba maji ya moto. Nikampa chupa ya chai ya mke wangu, ile ya maua ya wageni. Akavuta maji, akachomeka mpira kwenye kitundu cha rangi nyekundu, akasukuma. Hayakwenda. Nikamwambia taratibu. Akasema "mzee, hapa panataka nguvu kidogo", akaegemeza kidole gumba na roho yake yote. Yakaenda. Ila hayakutokea chini kwenye matundu, yalitokea pembeni, kwenye ule utepe bapa wa waya. Akasema ni kawaida. Akapangusa na shati lake. Akawasha.

Taa zote zikawaka pamoja, ikatoka harufu kama ya plagi iliyoungua, zikazima. Mpaka leo.

Kichwa kipya niliambiwa 260,000 na bodi kando. Printa nzima niliinunua 340,000. Fundi akafunga begi akasema, "Hii ilikuwa imeshachoka, mzee," akadai 15,000 ya ufundi. Nikampa 5,000, si kwa kupenda, majirani walikuwa wanaangalia. Mwezi ule tulikula dagaa mpaka mwanangu akauliza kama sato wamehama ziwa. Na chupa ya chai ilibaki na rangi ya waridi mdomoni, hiyo kesi bado inaendelea nyumbani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mods, wasimamizi wa jukwaa hili, wanifungie: PRINTA YA CHIPU ISIONJE INTANETI. Hata tone.

Ingia kwenye setingi za printa, tafuta sehemu ya apdeti, zima ile ya kujiapdeti yenyewe. Halafu nenda kwenye mtandao, iamuru isahau waifai yako. Usiizime tu, isahau, na nywila ifutike. Tumia waya wa USB. Usiweke ile programu ya simu ya kampuni, hiyo ndiyo mbea namba moja. Na kuna mlango wa nyuma ambao nusura unimalize mara ya pili: kompyuta. Programu ya kampuni ikiwa kwenye kompyuta yenye intaneti inaweza kushusha apdeti na kuipitishia kwenye waya. Kaa na draiva tupu, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, hayo madoido mengine yaondoe. Kioo kikiuliza "je, utafute toleo jipya?", jibu ni hapana, na mwanao akija kuchezea jibu ni hapana, na fundi akisema ndiyo, jibu ni hapana na afunge begi.

Kabla ya yote chapisha ukurasa wa hali ya printa, utaona namba ya toleo. Ipige picha. Ukienda kununua chipu mwonyeshe muuzaji hiyo namba, umuulize hizi zinakubali toleo hili? Akianza kuangalia dari, toka. Na kama kuna mtu atakuambia ataiflashi, yaani aiandike upya programu ya ndani, irudi toleo la zamani kwa faili alilolitoa kwa rafiki yake, kumbuka zipo printa zinazokubali kurudi nyuma na zipo zisizokubali, na umeme ukikatika katikati ya zoezi unabaki na kiti cha kukalia paka. Umeme wa kwetu unaujua.

Wino mweusi wowote? Hapana, hapana. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka na kuna wa chembechembe, ule usiofutika ukimwagiwa maji. Ukiweka wa chembechembe kwenye njia iliyotengenezewa ule mwingine, matundu yanaziba na utamwita yule mtu wa chupa ya chai. Soma katriji yako orijino inasema nini, nunua wa aina hiyo na wa printa hiyo. Chupa iliyoandikwa "kwa printa zote" ni kama dawa ya magonjwa yote stendi. Kujaza, usifike juu kabisa, acha nafasi ya hewa kidogo, na jaza kabla haijakauka, usisubiri ikauke.

Mimi sasa hivi ninayo nyingine ya chipu, mwaka wa pili huu, haijui intaneti inafananaje. Nimebandika plasta ya kidonda juu ya kitufe cha waifai, na juu ya plasta nimeandika kwa kalamu nyekundu jina la yule fundi. Wateja wanadhani ni jina la printa.

Umeshazima waifai? Nijibu hilo hapa kwanza, mengine yatafuata.