Karo ya mjomba sawa, kitanda cha mjomba hapana

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 20, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Tangu kidato cha pili najijua kwamba nawapenda wasichana wenzangu, na nina mpenzi ambaye nyumbani wanamjua kama rafiki tu. Nimepata nafasi mbili za kusoma ng'ambo. Moja ni Malaysia, ufadhili kamili, na mama ameifurahia kwa kuwa ni nchi ya Kiislamu. Ya pili ni Coventry, Uingereza, ambako mjomba yuko tayari kunilipia karo na kunipa chumba kwake. Mjomba ni mkali, na kila Jumapili huongea na mama kwa simu. Wakala anayenishughulikia anasema nichukue ya bure. Mimi nataka nimweleze mama ukweli kabla sijapanda ndege, nikaanze maisha bila mzigo. Nishauri.*

Marahaba, mwanangu. Najua wako wasomaji wanaotaka nikujibu kwa kukukemea. Hao wasubiri wiki ijayo, kuna barua ya mume anayeficha payslip.

Malaysia haina maneno mengi. Kule, mbali na sheria za nchi, kila jimbo lina sheria zake za Kiislamu, na wewe ni Mwislamu. Septemba 2018, katika jimbo la Terengganu, wanawake wawili waliokutwa pamoja garini walichapwa viboko sita kila mmoja, mahakamani, watu wakitazama. Wapo wanaosoma huko wakamaliza salama, wakiishi kimya kimya. Lakini kuishi kimya kimya unako hapa hapa Kenya, ambapo kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha hadi miaka 14 na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Sioni faida ya kuvuka bahari kuifuata hofu ile ile. Wakala wako anahesabu karo tu kwa sababu si yeye atakayelala macho.

Kwa hiyo Uingereza. Sheria ya Usawa ya 2010 inakulinda chuoni na kazini, na tangu 2014 wanawake wawili wanaweza kuoana huko England. Fomu ya viza haikuulizi unampenda nani. Siku ya kujisajili, chuo huenda kikakuuliza kwenye dodoso la takwimu, na unaruhusiwa kujibu kwamba hutaki kusema.

Kinachonikosesha usingizi ni chumba ulichopewa kwa mjomba.

Sheria ya Uingereza haifiki sebuleni kwake. Nawaza hivi: saa nne usiku simu yako iko mezani, inachajiwa, na jina la mpenzi wako linatokea na kopa mbili. Mke wa mjomba analiona kabla yako. Halafu Jumapili inafika, na ile simu ya kila wiki inapigwa Kisauni. Siku hiyo hiyo unapoteza karo, chakula na pa kulala, kwa sababu vyote vilikuwa kwa mtu mmoja. Karo ikikatika chuo kinakuondoa, na kikikuondoa ni lazima kiwaarifu watu wa uhamiaji, na viza inafutwa. Usijidanganye kwamba utajilipia: viza ya mwanafunzi wa shahada inakuruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hizo ni za chumba na chakula, tena kwa kubana. Karo hazigusi.

Basi chukua karo, kitanda kikatae kwa adabu. Omba hosteli ya chuo sasa hivi, maana vyuo vingi huwatengea vyumba wanafunzi wa mwaka wa kwanza na vinaisha mapema. Kwa mjomba sema jambo la kweli, kwamba unataka kukaa karibu na maktaba na usiwe unasubiri basi usiku kwenye baridi. Jumapili nenda ukale pilau, uoshe vyombo, ucheze na watoto, urudi kwako.

Kanuni za viza zenyewe zitakubeba hapa. Watu wa uhamiaji wa Uingereza wanataka kuona karo ya mwaka wa kwanza na pesa za matumizi za miezi hadi 9, kwa nje ya London zaidi ya pauni 1,100 kila mwezi, zikiwa zimekaa benki siku 28 mfululizo. Akaunti iwe yako au ya mzazi. Ya mjomba haikubaliki, hata awe tajiri wa namna gani. Kwa hiyo itabidi akutumie. Wengi huazima fedha hizo za kuonyesha, viza ikitoka wanazirudisha. Wewe zungumza naye mapema zisirudi, ulipie karo ya mwaka na hosteli kabla hujafunga begi. Mwaka mmoja uliolipwa ni mwaka mmoja ambao hakuna wa kukutoa.

Tena, siku hizi viza ya Uingereza haibandikwi kwenye pasipoti kama zamani. Iko mtandaoni, kwenye akaunti inayofunguliwa kwa baruapepe na namba ya simu. Mawakala wana mazoea ya kutumia baruapepe zao. Kataa. Fungua kwa baruapepe yako, nenosiri lijue wewe peke yako. Na pasipoti isilale kabatini kwa mtu.

Kuhusu mama, usimwambie sasa. Najua hilo si jibu ulilolitaka. Unataka kuutua mzigo, lakini utautua kifuani mwa mama kisha umwache nao Kisauni, na majirani, na kaka yake anayempigia kila Jumapili. Isitoshe, pesa zikipitia akaunti yake, ni yeye atakayeandika barua ya idhini ya kuambatanishwa na cheti chako cha kuzaliwa. Utamweleza ukiwa na chumba chako na umemaliza angalau mwaka. Na iwe ana kwa ana, usimtumie sauti ya WhatsApp ikasikilizwa na nyumba nzima.

Ukifika, chama cha wanafunzi kama wewe utakikuta karibu kila chuo. Lipo pia shirika la Imaan, la Waislamu wenzako. Hutalazimika kuchagua kati ya swala zako na nafsi yako, na hilo nadhani ndilo litakalokushangaza zaidi. Ila ukikutana na Wakenya wenzako, usiwe mwepesi wa kupiga nao picha. Coventry na Mombasa ziko kwenye kundi moja la WhatsApp.

Ukisikia wa kukushauri uombe ukimbizi uwanja wa ndege, muulize yeye ni wakili? Hiyo ni njia ya aliyeshindwa kurudi kwao. Ikifika huko, tafuta wakili wa uhamiaji kwanza.

Mpenzi wako hukuuliza juu yake, nami sitajitia. Ila mwambie abadilishe jina lako kwenye simu yake kabla hujaondoka, nawe la kwake, na zile kopa zitoke.